Kuku wangu wanadonoana hadi kufa: nikubali wakatwe midomo?

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi nje kidogo ya mji wa Dodoma. Nafuga matetea chotara, wana miezi mitano na nusu, wameanza kutaga mwezi uliopita. Walikuwa 38, wametulia. Wiki tatu zilizopita jirani yangu alihama, nikanunua kwake wengine 12 wa umri uleule na kuwaingiza bandani asubuhi hiyohiyo. Tangu hapo hakuna amani. Kwanza waligombana vichwani, kisha wakaanza kunyonyoana manyoya ya mgongoni na mkiani, na wiki hii wamekufa watatu, wametobolewa nyuma, utumbo uko nje. Banda ni mita tatu kwa mbili na nusu, limeezekwa bati, upande mmoja ni wavu. Siwafungulii kwa sababu ya mwewe na bustani za watu. Taa inawaka usiku kucha ili watage vizuri na wezi waogope. Tangu bei ya chakula cha dukani ipande nachanganya mwenyewe: pumba, mashudu ya alizeti na dagaa kidogo. Nawapa kilo nne kwa siku kwenye vyombo viwili vya mita moja moja, kimoja nimekiegemeza ukutani. Maji ni ndoo moja ya lita kumi. Viota viko vinne, karibu na mlango. Rafiki yangu anasema dagaa ndio wamewatia uchu wa nyama, niwaache kabisa na niwape chumvi nyingi. Wenye vidonda nimewapaka oili chafu. Kijana mmoja atakuja Jumamosi kuwakata midomo kwa kisu cha moto, shilingi 500 kila kuku. Nikubali? Au niwauze wote?"

Mwalimu, shikamoo, na pole sana. Najua inavyouma kufungua banda asubuhi ukamkuta kuku uliyemlea tangu kifaranga amelala chini, wenzake wamemzunguka na midomo yao ina damu. Wengi wanaoniandikia baada ya kuona hivyo huwa wameshaamini kwamba kuku wao wamegeuka wakatili. Wako hawajageuka. Umeniandikia kwa makini kuliko wengi, na karibu kila chanzo cha msiba huu nimekikuta ndani ya maelezo yako mwenyewe.

Nianze na Jumamosi maana siku zinakimbia. Mwambie kijana asije na kisu. Na kuwauza wote usiwauze, ingawa inawezekana wachache ukalazimika kuwapunguza. Sababu nitazieleza, lakini kwanza tuelewane kuhusu kinachotokea humo bandani.

Neno letu "kudonoana" limebeba mambo matatu yasiyofanana, na kila moja lina chanzo chake. Namna rahisi ya kuyatofautisha ni kuangalia jeraha liko sehemu gani ya mwili.

Jeraha la kichwani, kwenye upanga na ndevu, ndilo la ugomvi wa kweli. Kuku wana ngazi ya heshima. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewatazama kuku tangu utoto wake, aliieleza kitaalamu mwanzoni mwa miaka ya 1920: kila kuku anajua anayemzidi na anayezidiwa naye, na aliye juu hula na kunywa kwanza. Ngazi ikishakaa, inaleta utulivu, kwa sababu aliye chini akitazamwa tu anasogea. Kazi iko kwenye kuijenga. Kuku wawili wasiojuana wakikutana wanainua vichwa, manyoya ya shingo yanasimama, mmoja anadonoa utosini, mwingine anainamisha kichwa na kukimbia. Yameisha. Ila ni lazima huyo wa pili apate pa kukimbilia.

Sasa piga hesabu ya asubuhi ile uliyowaingiza wageni. Kila mmoja wa wale 12 alitakiwa ajuane na kila mmoja wa wale 38. Hiyo ni mikutano 456, ndani ya chumba cha mita za mraba saba na nusu, hakuna kona ya kujificha. Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tunautumia msemo huo kwa watu, lakini kwa kuku wenyewe ulikuwa ni utaratibu wa ufugaji. Kuku aliyeletwa nyumbani alifungwa pembeni siku kadhaa, wenyeji wakamzoea kwa macho, naye akapazoea mahali, ndipo akafunguliwa. Ugomvi wa aina hii kwa kawaida hupoa ndani ya wiki moja au mbili. Wako haukupoa kwa sababu ya yale mambo mengine mawili.

La pili ni manyoya ya mgongoni na mkiani. Hapa hakuna hasira kabisa. Ukitulia ukatazama utaona anayenyonyoa hasimamishi manyoya ya shingo wala hamfukuzi mwenzake. Anamsogelea kwa nyuma taratibu kama anayeokota punje, na anayenyonyolewa mara nyingi anasimama tu. Kuku ameumbwa na kazi ya kudonoa na kuparura ardhi. Asili yake ni kuku wa msituni wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambaye sehemu kubwa ya mchana wake ni kuparura majani makavu akitafuta mbegu na wadudu. Kuku wa marehemu bibi yangu kule Kondoa hawakuwahi kulishwa vizuri kama wako, lakini tangu alfajiri hadi jua linazama midomo yao ilikuwa kazini. Sijawahi kumwona hata mmoja akiwa na mgongo mtupu.

Kuku wako wanapewa kilo nne, wanazimaliza kabla ya saa nne asubuhi, kisha wana saa nane mbele yao bila kazi. Hamu ya kudonoa haiishi kwa sababu chakula kimeisha. Kilicho karibu na mdomo ni unyoya wa jirani. Anaugusa ncha, kesho anauvuta, kesho kutwa anaung'oa na kuumeza. Ndiyo, wanaumeza, na wanaouzoea huutafuta. Unyoya mchanga unaoota una damu ndani ya shina lake. Ukikatika, tone jekundu linaonekana, na rangi nyekundu inayong'aa huvuta jicho la kuku kuliko kitu chochote. Kutoka hapo wengine wanajifunza kwa kuiga.

La tatu ndilo lililowaua wale watatu, na ningependa uliangalie kwa karibu. Tetea anapotaga, yai halitoki peke yake. Sehemu ya mwisho ya njia ya uzazi inatokeza nje pamoja na yai, nyama laini, nyekundu, inayong'aa kwa unyevu, kisha inarudi ndani. Ni muda mfupi sana. Akiwa amejificha kwenye kiota chenye giza hakuna anayeona. Lakini wewe una viota vinne kwa kuku 47, viko mlangoni kwenye mwanga, na kiota kimoja kinatosha kuku watano tu. Kwa hiyo kila asubuhi kuna matetea wanaotaga sakafuni katikati ya wenzao, tena ni matetea wachanga ambao njia yao bado inauma na wakati mwingine inachanika kidogo kwa mayai ya mwanzo. Mwenzake anaona kitu chekundu kinang'aa, anadonoa. Damu inatoka. Wa pili anakuja, wa tatu anakuja. Kuku aliyedonolewa hapo hana namna ya kujikinga, na kutoka tundu dogo hadi utumbo kuvutwa nje haichukui hata nusu saa. Hakuna chuki hapo, Mwalimu. Ni mdomo unaotafuta kazi, umekutana na kitu chekundu mahali peupe.

Sasa nirudi kwa ushauri uliopewa, kwa sababu sehemu yake ina hatari.

Dagaa hawaleti uchu wa nyama. Kwa kuku wako ni kinyume chake: ukiwaondoa, utazidisha tatizo. Unyoya wenyewe umejengwa kwa protini, hasa ile yenye salfa, na kuku anayetaga anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 17. Pumba ya mahindi ina kama asilimia 10 tu. Mashudu ya alizeti yanasaidia, lakini ya mashine zetu mara nyingi yana maganda mengi na yana upungufu wa laisini, moja ya vijenzi vya protini ambavyo kuku lazima avipate kwenye chakula. Dagaa safi ndio wanaoziba pengo hilo. Nasema safi kwa sababu wanaouzwa kwa ajili ya mifugo mara nyingi wamechanganyika na mchanga na makombe. Mwaga kiganja kimoja kwenye glasi ya maji uone kinachobaki chini.

Chumvi ni kweli kwamba ikikosekana kabisa kuku hudonoana, na mchanganyiko wako hauna chumvi isipokuwa ile ya dagaa. Rafiki yako hapo hajakosea. Alipokosea ni kwenye "nyingi". Kuku wanakufa kwa chumvi, na wanakufa upesi zaidi maji yakiwa haba kama yalivyo kwako. Kipimo ni gramu 250 hadi 300 kwa kila kilo 100 za chakula, ikiwa imechanganywa vizuri, na unapunguza ikiwa dagaa wako ni wa chumvi. Usiimwage kwa kukisia na usiitie kwenye maji.

Oili chafu acha leo. Najua inatumika sana kwa sababu inafukuza inzi na ina rangi nyeusi. Lakini imebeba mabaki ya vyuma kutoka kwenye injini, inaunguza ngozi iliyo wazi, na kuku akijisafisha manyoya anaimeza. Waliopakwa waoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya maji, wakaushe juani.

Na midomo. Mdomo wa kuku si kama ukucha ambao unaukata na maisha yanaendelea. Ndani kuna mfupa, kuna damu, na ncha yake imejaa mishipa ya fahamu, maana ndiyo mkono wake. Kwa ncha hiyo anapima punje, anajisafisha, anamtambua adui wa ngozini. Kwenye mashamba makubwa ya kuku wa mayai hukatwa kidogo sana wakiwa vifaranga wa siku chache, kwa kifaa maalumu, na hata hivyo Norwe, Uswidi na Ufini zimepiga marufuku. Kwa kuku mkubwa ni jambo jingine kabisa. Mishipa iliyokatwa inaweza kupona vibaya na kuacha maumivu yasiyoisha. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisimamia kukatwa midomo ya kuku mia kadhaa waliokuwa wanakaribia kutaga, nikiamini nawasaidia. Siku zilizofuata niliwaona wanakwenda kwenye chakula, wanagusa, wanatikisa kichwa, wanarudi nyuma. Mayai yalichelewa, wengine walikonda. Na baada ya muda kudonoana kulirudi, kwa sababu banda lilikuwa lilelile. Sijaisahau picha ile, na ndiyo maana nakuomba uzihifadhi hizo shilingi 23,500 za kuku 47 kwa matumizi mengine.

Kuna hali ambayo ningekubali mdomo uguswe: kuku mmoja au wawili walioshindikana, daktari wa mifugo akawapunguzia ile ncha kali tu ya mdomo wa juu, sehemu isiyo na damu, kama mtu anavyokata kucha. Hiyo si kazi ya kisu cha moto.

Basi ufanye nini? Nitakwenda kwa mpangilio wa haraka yake.

Leo jioni, watoe wote wenye damu. Hata mwenye kidonda cha ukubwa wa punje ya mtama asilale na wenzake. Chukua tenga au kipande cha wavu, waweke humohumo bandani, wakionana na wenzao bila kufikiwa. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu kuku aliyeondolewa kabisa kwa wiki mbili akirudi huhesabiwa mgeni na kupigwa upya. Osha vidonda kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, kisha nyunyizia ile dawa ya vidonda ya rangi ya buluu inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Inatibu na inaficha wekundu. Soma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kula mayai au nyama. Kwa joto la Dodoma inzi hawachelewi, kwa hiyo chunguza kila siku kama kuna funza. Ukimkuta ambaye utumbo umeshatoka, usimwache ateseke hadi asubuhi. Mchinje papo hapo. Ambaye ni njia ya uzazi tu imebaki nje na haijachanika, ioshe, ipake mafuta safi ya kula, irudishe ndani taratibu kwa kidole safi na umweke peke yake gizani siku mbili tatu. Nikwambie ukweli, baadhi hupona na baadhi hutoka tena kila wakitaga. Wa namna hiyo hatakuwa kuku wa mayai.

Leo hiihii zima taa. Kuku anahitaji usiku. Mwanga wa usiku kucha haumfanyi atage mara mbili. Unamnyima usingizi, unamchokoza, na unawapa wadonoaji saa za ziada. Anayetaga anatosheka na mwanga wa saa 14 hadi 15 kwa siku, na jua la Dodoma linakupa kama 12. Ukitaka kuongeza, iwashe saa kumi au kumi na nusu alfajiri hadi kupambazuke. Nasema alfajiri kwa sababu jioni giza likiingia lenyewe kuku wanapata muda wa kupanda kwenye fito za kulalia; taa ikizimwa ghafla usiku wanabaki wamekwama sakafuni na kulundikana. Ile ya kuogopesha wezi ihamishie nje, imulike ua.

Kesho asubuhi shughulikia chakula na maji. Kuku 47 kwa gramu 120 kila mmoja ni kilo tano na nusu na ziada kidogo. Wewe unawapa nne. Ina maana wale wa chini kwenye ngazi hawashibi kabisa, na kuku mwenye njaa hudonoa. Kile chombo kilichoegemezwa ukutani kinaliwa upande mmoja tu. Kivute katikati, utakuwa umepata mita nzima ya nafasi bila kutoa hata senti. Kila kuku anahitaji kama sentimita 10 za ukingo, kwa hiyo hata hapo utakuwa bado pungufu. Ongeza chombo cha tatu, na kikae mbali na vingine, ili kuku mkali asiweze kuvilinda vyote kwa wakati mmoja. Maji ni vivyo hivyo. Kuku anayetaga hunywa robo lita siku ya kawaida, na kwa joto la Oktoba na Novemba huenda mara mbili ya hapo. Lita kumi zako zinaisha kabla ya adhuhuri, wakati jua ndiyo kwanza linakaza. Weka ndoo tatu, sehemu tatu, kivulini.

Kuhusu kuchanganya mwenyewe, sikatai, nami nawaunga mkono wengi wanaofanya hivyo. Ila kwa wiki tatu hizi nunua chakula kamili cha kuku wa mayai. Kuku wanaodonoana wanahitaji kitu usichokikisia, na pia utapata kujua: wakitulia kwa chakula hicho, tatizo la mchanganyiko wako limethibitika. Ukirudi kuchanganya, nenda na orodha yako kwa afisa mifugo wa kata akupangie uzito wa kila kitu kwa mizani, pamoja na chokaa, mifupa ya kusaga, virutubisho vya kuku wa mayai, na metionini (kijenzi cha protini chenye salfa) na laisini ambazo kwenye mchanganyiko wako hazitoshi. Debe na kopo vinadanganya, kwa sababu pumba debe moja na mashudu debe moja havilingani uzito.

Viota ongeza sita, viwe kumi. Viweke upande wenye giza, mbali na mlango, na mbele utundike kipande cha kiroba kilichochanwachanwa kama pazia. Tetea hupenda kuingia mahali anapojiona amejificha. Weka majani makavu mengi ndani. Kama kuna jambo moja tu utalifanya wiki hii katika yote niliyoandika, liwe hili, kwa sababu vifo vyako vinatokana na kutaga hadharani.

Kisha wape kazi. Tandika maranda makavu kina cha kiganja, na kila saa tisa alasiri wamwagie humo kilo moja ya mtama au mahindi ya kubaragaza, uyatawanye kabisa, wayatafute wenyewe. Ning'iniza fungu la majani, matembele au mchicha au kabichi iliyochakaa, usawa wa macho yao, ili wadonoe linalobembea. Nimeona banda la kuku 60 likitulia ndani ya siku nne kwa majani na mtama peke yake. Weka pia beseni la majivu na mchanga mkavu waogee. Na kwenye wavu unaoelekea jua la alasiri tundika viroba, uache nafasi juu hewa ipite. Mwali wa jua ukipiga juu ya kuku mmoja katikati ya banda, kila alama mwilini mwake inaonekana. Bati likiwa chini sana, liwekee nyasi juu.

Wakati huo tafuta nusu saa ukae na kiti nje ya wavu, alasiri, bila kuwasumbua. Mara nyingi wadonoaji ni wawili au watatu tu. Na usishangae: mnyonyoaji wa manyoya mara nyingi ndiye aliye na manyoya mazuri kuliko wote, kwa sababu yeye hanyonyolewi. Ukiwajua wafunge uzi wa rangi mguuni, watenge kwa siku nne au tano. Wakirudi wanakuwa wameshuka ngazi. Asiyebadilika ndiye wa sufuria.

Usiku chukua tochi ukague chini ya fito na kwenye nyufa. Utitiri hutoka usiku kunyonya damu, na asubuhi usingeuona. Fungua manyoya ya kuzunguka tundu la nyuma uangalie chawa na mayai yao meupe yaliyogandana kwenye mashina. Angalia na viroboto vinavyong'ang'ania usoni na kwenye ndevu, ambavyo huku kwetu ni vingi. Kuku anayewashwa anajidonoa mwenyewe hadi damu, na wenzake wanamalizia. Tumia dawa ya unga iliyoandikwa kwamba ni ya kuku, usitumie ya kunyunyizia nyanya.

Tukija kwenye idadi, hapa siwezi kukufariji. Banda lako ni la kuku 37 kwa hesabu ya watano kila mita ya mraba, na kwa joto lenu ningependa wanne. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuwatolea ua mdogo ubavuni, hata mita tano kwa tano, nguzo za miti, wavu pembeni na wavu chakavu wa samaki juu kwa ajili ya mwewe. Gharama yake ni kubwa kwa mara moja, lakini ningekuwa mimi ningeanza na hiyo, maana inakupa nafasi, kazi ya kuparura na pa kukimbilia kwa pamoja. Ya pili ni kuuza kumi hadi kumi na wawili, ukianza na wakali na wasiotaga. Ukishindwa la kwanza fanya la pili wala usione umeshindwa kufuga. Ukijaribu kubaki na wote 47 ndani ya chumba kilekile, haya mengine yote niliyokuandikia yatakupa nafuu tu, hayatamaliza.

Siku nyingine ukinunua kuku, watenge kwanza kwenye kibanda cha mbali kwa wiki mbili au zaidi, kwa ajili ya magonjwa. Kisha uwaweke jirani na wenyeji, wavu ukiwatenganisha, kwa wiki moja. Kisha uwaingize usiku, kundi zima, kamwe asiwe mmoja peke yake.

Hapo ndipo nina wasiwasi mmoja unaozidi kudonoana. Wale 12 waliingia bila kutengwa, na hujaniambia kama walichanjwa kideri. Kuku hudonoa pia mzoga. Je, wale watatu uliwaona wakidonolewa wakiwa hai, au uliwakuta tayari wamekufa na kutobolewa? Kama uliwakuta, usikate shauri kwamba ni midomo iliyowaua. Ukiona kuku anazubaa, anaharisha kijani, anahema kwa mdomo, amevimba uso au shingo inapinda, au ukimkuta mwingine amekufa bila jeraha lolote, usisubiri wiki ya dawa za nyumbani. Mpigie afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo, umpelekee na mzoga ndani ya mifuko miwili ya plastiki akaupasue au aupeleke maabara ya mifugo. Mwite pia kama vifo vya kutobolewa vinaendelea siku tano baada ya viota na taa kurekebishwa, kwa sababu hapo kuna kitu ambacho kwa maandishi siwezi kukiona. Na hata wasipougua, ulizia chanjo. Ile ya tone la jicho hurudiwa kila miezi mitatu.

Usitegemee amani kesho. Vifo vinatakiwa vikome ndani ya siku chache. Kunyonyoana kutapungua polepole, pengine kwa wiki tatu au nne, kwa kuwa waliojifunza hawasahau upesi. Migongo iliyo wazi haitajaa haraka. Mara nyingi manyoya kamili hayarudi hadi kuku apitie kipindi chake cha kunyonyoka na kuota upya.

Na yule kijana wa Jumamosi usimfukuze. Mwambie aje na msumeno na misumari badala ya kisu, na hizo 23,500 umlipe akutengenezee viota sita.